Majina ya Mitumba: Hoja Kuhusu Miji na Majimbo ya Nchi Zinazosema Kijerumani katika Maandishi ya Kiswahili

Makala haya yametokana na kosa. Miaka kadhaa iliyopita mwandishi aliombwa kuisoma tasnifu ya uzamili iliyohusu historia ya elimu katika Milima ya Upare. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri: mtafiti alikuwa amezungumza na wazee, amepekua majalada, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupendeza. Lakini katika sura ya tatu alitaja barua ya afisa mmoja wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliyokuwa na anwani ya Wilhelmstal, akaeleza kwamba barua hiyo iliandikwa Ujerumani. Juu ya msingi huo akajenga hoja ndefu kuhusu jinsi mambo ya Wapare yalivyokuwa yakiamuliwa ng'ambo ya bahari, na watu ambao hawakupata kuiona milima hiyo. Hoja ilivutia sana. Bahati mbaya Wilhelmstal ni Lushoto. Afisa yule alikuwa Usambara, jirani kabisa wa Wapare, na kutoka mezani pake hadi Upare ulikuwa mwendo wa siku chache tu kwa miguu.

Kurasa chache mbele kulikuwa na kosa la pili, nalo lilichekesha kidogo. Mtafiti alikuta katika maandishi ya Kijerumani kwamba wamisionari fulani walitumwa kutoka Sachsen. Akadhani Sachsen ni jina la mtu aliyewatuma, akamwita Bwana Sachsen, na Bwana Sachsen huyo akaendelea kuwatuma watu Upare hadi mwisho wa sura. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika utangulizi wa tasnifu hiyo hiyo mtafiti alikuwa amekwisha kuandika, kwa usahihi, kwamba Leipzig ni mji ulioko Saxony. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba Saxony na Sachsen ni kitu kimoja.

Sitaki kumlaumu mtafiti huyo. Lawama ni yetu sisi tuliomfundisha. Katika maandishi yetu ya Kiswahili, yaani vitabu, tafsiri, mihadhara na hata majarida ya kitaaluma, miji na majimbo ya nchi zinazosema Kijerumani huingia ikiwa imevikwa mavazi ya Kiingereza. Tunaandika Munich, Cologne, Vienna, Nuremberg, Bavaria, Saxony, utadhani majina hayo ndiyo wenyeji wanayoyatumia. Kisha tunamtuma mwanafunzi akasome nyaraka zilizoandikwa München, Köln, Wien na Nürnberg, na tunashangaa anapopotea njia. Maoni ninayoyatetea hapa ni kwamba mwandishi wa Kiswahili, hasa mwandishi wa taaluma, ayachukue majina hayo moja kwa moja kutoka katika Kijerumani, na aachane na mkondo wa Kiingereza. Maoni haya yanaweza kuonekana kuwa ni ya mtu anayehangaika na tahajia tu. Nitajaribu kuonyesha kwamba, kwetu sisi tunaotoka Upare walau, yanahusu uwezo wa kuyasoma yaliyoandikwa juu yetu.

Nilikulia Msangeni, katika nchi ya Ugweno, upande wa kaskazini wa Milima ya Upare. Siku isiyo na mawingu Kibo huonekana kutoka kwenye milima yetu, na chini upande wa pili liko Ziwa Jipe. Katika nyumba ya babu yangu kilikuwamo kitabu kimoja kilichoheshimiwa kuliko vyote, nacho ni Biblia ya Kiswahili iliyofasiriwa na Karl Roehl akisaidiwa na Watanganyika wenzetu, Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Biblia hiyo ilitolewa mwaka 1937 huko Stuttgart, mji mkuu wa Württemberg. Hivyo Stuttgart lilikuwa jina la kwanza la mji wa Ulaya nililolisoma kwa macho yangu, kabla ya London na kabla ya Paris. Jina la pili sikulisoma, nililisikia. Babu alipozungumzia mambo ya kanisa la zamani alisema Laipsigi, kwa irabu zake za Kiafrika zilizotulia, na kila mtu mzima aliyekuwapo alielewa. Ilikuwa ni misheni ya Leipzig iliyoanzishwa Dresden mwaka 1836 na kuhamia Leipzig mwaka 1848, ikafika Machame mwaka 1893 na Shighatini, jirani yetu, mwaka 1900. Babu hakujua Kiingereza hata neno moja. Lakini matamshi yake ya jina la mji ule yalikuwa karibu zaidi na ya wenyeji wake kuliko matamshi ya mwalimu wangu wa jiografia, aliyelisoma jina hilo katika atlasi ya Kiingereza na kulitamka Lipzigi.

Atlasi hiyo ndiyo iliyonifunza Cologne na Vienna. Ilinichukua miaka mingi kuyasahau mafunzo hayo. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili niliandaa orodha ya machapisho juu ya Kiswahili niliyohitaji, na katika orodha hiyo Köln na Cologne zilikuwa ni sehemu mbili mbalimbali. Baadhi ya makala niliyaomba mara mbili. Mkutubi, mtu mpole, alinirudishia karatasi yangu akiwa ameyaunganisha majina hayo kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Ikumbukwe kwamba Köln si mji wa pembeni kwa mtaalamu wa Kiswahili: ndiko lilikoanzia jarida la Swahili Forum mwaka 1994. Leipzig, Hamburg, Berlin, Bayreuth na Wien ni miji ambayo mtu hawezi kuiandika historia ya taaluma yetu bila kuitaja. Ikiwa kuna kundi la watu wasiopaswa kuikosea miji hiyo, basi ni sisi.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili daima hupokea majina ya Ulaya kupitia Kiingereza, na kwamba hiyo ndiyo historia yake. Si kweli. Uhusiano wa Kiswahili na Kijerumani ulianza bila mkalimani. Watu wa Mrima walipowaita wavamizi wao Wadachi, hawakulipata neno hilo kwa Waingereza. Walilipata kwa Wajerumani wenyewe, kutoka katika jina ambalo watu hao hujiita, Deutsch. Ndilo neno lililomo katika jina la utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi. Neno Jerumani lilikuwapo pia, na hatimaye ndilo lililoshinda. Sipendekezi kwamba tulifufue neno Udachi, maana lugha haiendeshwi kwa amri za watu wenye kumbukumbu ndefu. Hata hivyo nakiri kwamba neno Kidachi lingetufaa leo kwa kuitaja lugha inayosemwa na Mjerumani, Mwaustria na Mswisi wa Zürich bila kuwafanya wote kuwa raia wa nchi moja. Tazama vilevile neno shule. Bara tulilichukua kwa Mjerumani, wakati ndugu zetu wa Unguja walilichukua skuli kwa Mwingereza. Tazama na neno hela, lililoingia na sarafu ya mwaka 1904, pale rupia moja ilipogawanywa katika heller 100. Sarafu yenyewe ilikwisha kutoweka, lakini neno bado limo midomoni mwa watoto. Masikio ya Waswahili yalisikia Kijerumani yenyewe, yakakifanyia kazi yenyewe.

Na wapo Waswahili walioiona miji hiyo mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, aliishi Hamburg tangu mwaka 1867, kisha katika miji mingine kadhaa ya Ujerumani, akafariki Jena mwaka 1924. Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1886, naye aliziandika kwa Kijerumani. Amur bin Nasur alifundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, na aliandika habari za maisha yake huko kwa Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Göttingen mwaka 1903, alifundisha Berlin na baadaye Hamburg, akafia Berlin mwaka 1927. Watu hawa walikuwa wakazi wa miji hiyo. Walinunua mkate humo, walilipa kodi za nyumba, walizika na kuzikwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kumuuliza Mwingereza jina la mtaa aliokuwa akiishi. Hali kadhalika vijana wa Kitanzania waliopelekwa Ujerumani Mashariki kusoma, ambao wengi walianza kwa kujifunza Kijerumani katika Taasisi ya Herder mjini Leipzig, walirudi wakilitamka jina la mji ule kama babu yangu. Unguja ilikuwa na uhusiano na nchi hiyo tangu mwaka 1964, na majumba ya Kikwajuni ni ushahidi unaoonekana hadi leo. Inakuwaje, basi, sisi wasomi tuwe nyuma ya wote hawa?

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha suala hili. Wajerumani walipofika kwetu waliyaandika majina yetu kwa tahajia yao. Hawakusubiri mtu awaazime tahajia. Kilimanjaro waliiandika Kilimandscharo, Wachaga wakawa Dschagga, Moshi ikawa Moschi, Arusha ikawa Aruscha, Ujiji ikawa Udschidschi. Ugweno yetu iliandikwa Ugueno, Shighatini ikawa Schigatini, Ziwa Jipe likawa Dschipe, na Vudee ya Upare Kusini ikawa Wudee. Anayeijua tahajia ya Kijerumani husoma majina haya bila shida: sch ni sh yetu, dsch ni j yetu, tsch ni ch, w ni v, j ni y, na z hutamkwa ts. Asiyeijua huona fumbo. Nimewasikia watu wenye elimu ya juu wakilisoma jina Wudee kwa w ya wali, kisha wakadhani kwamba hapo zamani kijiji hicho kilikuwa na jina jingine. Nimesoma pia dai kwamba Ugueno ni nchi tofauti na Ugweno, dai lililosimama juu ya herufi moja.

Ninasema hili ni kiini kwa sababu maandishi ya kale zaidi yenye majina ya vijiji vyetu, koo zetu na vilele vya milima yetu, kwa sehemu kubwa, ni ya Kijerumani. Oscar Baumann, mzaliwa wa Wien, alipita katika milima hii mwaka 1890, na kitabu chake juu ya Usambara na nchi za jirani kilichapishwa Berlin mwaka 1891. Ernst Kotz, Mwadventista aliyefanya kazi Upare Kusini, alichapisha sarufi ya Chasu Berlin mwaka 1909. Kwa Kigweno hali ni ngumu zaidi. Ni lugha ndogo, iliyo karibu zaidi na Kichaga kuliko Chasu, na inazidi kurudi nyuma mbele ya Chasu na Kiswahili. Gérard Philippson na Derek Nurse waliieleza katika mkusanyiko uitwao Lugha za Tanzania, uliochapishwa Leiden mwaka 2000, na katika anwani ya makala yao waliiita lugha isiyojulikana sana. Jina la mahali lililoandikwa na Mjerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa sikio lake lenye makosa lakini kwa tahajia yenye kanuni, linaweza kuwa ushahidi wa matamshi ambayo leo yamekwisha kubadilika. Ushahidi huo hausomeki kwa kupitia Kiingereza. Mwanafunzi aliyezoea tangu siku ya kwanza kuandika München, na kujua ni kwa nini inaandikwa hivyo, atakuwa amepata ufunguo wa kwanza wa nyaraka hizo. Aliyezoea Munich hana kitu.

Yako manufaa mengine, ambayo ni ya kihistoria. Tuna tabia ya kusema "Mjerumani alikuja", kana kwamba alikuwa mtu mmoja. Lakini dola ya Ujerumani ya wakati ule ilikuwa ni muungano wa falme na miliki kadhaa. Sachsen ilikuwa na mfalme wake na Bayern ilikuwa na wake, hadi mwaka 1918. Na kila pembe ya Tanganyika ilipata kipande chake. Ugweno na Uchaga zilipata Leipzig, yaani Sachsen. Rungwe ilipata Wamoraviani wa Herrnhut, ambao nao ni wa Sachsen, mwaka 1891. Usambara ilihusiana kwanza na Berlin, kisha na Bethel karibu na Bielefeld, katika Westfalen. Peramiho ilipata Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Bayern, mwaka 1898. Baadaye Ifakara ikapata watafiti wa magonjwa ya nchi za joto kutoka Basel, Uswisi. Mtu aliyepanda Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer, alikuwa mtu wa Leipzig, wa ukoo wa wachapishaji wa vitabu, na mwenzake Ludwig Purtscheller alikuwa Mwaustria. Katika ramani ya namna hii majina ya majimbo si mapambo. Tofauti kati ya Mluteri wa Sachsen na Mkatoliki wa Bayern ni sehemu ya sababu kwa nini tarafa moja ya Tanzania huimba nyimbo hizi na nyingine huimba zile. Mwanafunzi ambaye kwake Sachsen ni jina la bwana fulani hataliona jambo hilo kamwe.

Nimekwisha kujadiliana na wenzangu juu ya suala hili, na hoja zao nazifahamu. Mmoja alinikumbusha kwamba Wajerumani wenyewe hadi leo huandika Kilimandscharo. Kwa nini basi sisi tusiwe na Munich yetu? Nilimjibu kwamba Kilimandscharo ni jina walilolitengeneza wenyewe kutokana na walichosikia. Munich si yetu. Hatukuisikia, hatukuitengeneza, hatukuikata wala kuishona. Tumeipokea kwa Mwingereza aliyeivaa kabla yetu. Ni jina la mtumba. Mtumba si aibu, na wengi wetu tumesomeshwa na faida ya mitumba. Lakini hakuna mtu anayekwenda kununua mtumba wakati nguo mpya imewekwa mlangoni pake bure. Kama mwenzangu angependekeza tuandike Laipsigi, kama alivyotamka babu, ningekuwa na kazi ngumu zaidi ya kumpinga, kwa kuwa hilo ni jina letu kweli, na katika riwaya au tamthilia ningeliacha bila kuligusa. Katika maandishi ya kitaaluma ningesema tuandike Leipzig, ili msomaji aweze kulitafuta.

Hoja nyingine ni kwamba makatalogi na atlasi za shule zetu ni za Kiingereza. Ni kweli. Lakini makatalogi ya hifadhi zinazotunza nyaraka juu yetu si ya Kiingereza, au ni ya Kiingereza juu juu tu, na chini yake yamejaa majina ya Kijerumani. Kuhusu atlasi, hilo ni jambo la kurekebishwa, na Baraza la Kiswahili la Taifa lina uwezo wa kulishughulikia likiombwa. Nakubali kwamba Vienna imekwisha kuzoeleka magazetini, na simwombi mhariri wa gazeti aiondoe. Ninachoomba ni kwamba mwanafunzi wa uzamili asiandike katika marejeo yake kwamba kitabu kimechapishwa Vienna, wakati jalada la kitabu hicho linasema Wien.

Mambo ya kiutendaji si mengi. Majina ya nchi yaliyokwisha kuzoeleka, Ujerumani, Uswisi na Austria, yabaki. Nukta mbili juu ya irabu ziandikwe, kwa kuwa ni sehemu ya jina. Pale ambapo mtambo hauna alama hiyo, Wajerumani wenyewe wana utaratibu wa kuandika ue, oe na ae, hivyo Muenchen na Koeln zinakubalika. Koln haikubaliki, kwani si Kijerumani, si Kiingereza, wala si Kiswahili. Majina ya majimbo yasifasiriwe vipande vipande. Nimeiona Niedersachsen ikiitwa Saksoni ya Chini, na msomaji mmoja akauliza kama watu wake ni wa daraja la chini. Sisi Wapare tunaosema tambarare na mlimani tungepaswa kuelewa kwa urahisi kwamba jina hilo linahusu nchi iliyo bondeni, lakini tafsiri ile haikutupa nafasi ya kuelewa. Isitoshe, Niedersachsen na Sachsen ni majimbo mawili ambayo hata hayapakani.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa majina yaliyobadilika. Kitabu cha zamani kinaweza kuwa kimechapishwa Breslau, mji ambao tangu mwaka 1945 ni Wrocław ya Poland. Chemnitz, mji wa Sachsen, uliitwa Karl-Marx-Stadt kuanzia mwaka 1953 hadi 1990, na baadhi ya Watanzania waliosoma huko wana vyeti vyenye jina hilo. Hapa ushauri wangu ni kuliandika jina kama lilivyo katika waraka, na mara ya kwanza kulifuatisha na jina la sasa. Kanuni hiyo hiyo ifuatwe kwa majina ambayo Wajerumani waliyapandikiza kwetu: Wilhelmstal, yaani Lushoto; Neu-Langenburg, yaani Tukuyu; Bismarckburg, yaani Kasanga; Hohenfriedeberg, yaani Mlalo. Friedenstal, ambako Waadventista walianza kazi yao mwaka 1903, ni Giti huko Mamba, Upare Kusini. Mtafiti asiyejua hivyo anaweza kuitafuta Friedenstal katika ramani ya Ujerumani, na balaa lenyewe ni kwamba anaweza hata kuipata, kwa kuwa jina hilo maana yake ni bonde la amani, na hakuna nchi iliyokosa watu wa kuliita bonde lao hivyo.

Nimalizie na habari iliyotokea nyumbani. Mama mmoja mzee wa Msangeni, ambaye sasa amekwisha kufariki, alikuwa akisema kwamba baba yake alipigwa picha na wamisionari alipokuwa kijana, na kwamba picha hiyo "ilikwenda Laipsigi." Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliitafuta picha hiyo kwa muda mrefu katika hifadhi moja ya picha za kale, akitumia jina Shighatini, kisha Ugweno. Hakuambulia kitu. Aliponieleza nilimwandikia katika kipande cha karatasi majina mawili, Schigatini na Ugueno. Jioni hiyo hiyo alikuwa mbele ya picha kadhaa. Alizichapisha akapanda nazo mlimani. Katika mojawapo wamesimama vijana watatu mbele ya jengo lenye paa la nyasi, na maelezo ya chini yanataja mahali tu, hayataji jina la mtu hata mmoja. Bibi aliishika karatasi karibu kabisa na macho. Wa katikati hakumfahamu. Wa kushoto alimtaja kwa jina na ukoo, akaeleza shamba lake lilikuwa wapi na limerithiwa na nani. Kisha akaweka kidole juu ya yule wa kulia, na mjukuu akachukua kalamu.